Hiyo tamthilia ya mutanti si upuuzi wa watoto

Kwa Mhariri,

Mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani alisema majuzi kwamba tamthilia za mashujaa wenye nguvu za ajabu ni upuuzi wa watoto, na kwamba mzazi anayeziruhusu nyumbani mwake anawafunza vijana kudharau polisi na serikali. Mfano aliotoa ni The Gifted, ile ya Marekani. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu hiyo nimeitazama yote. Kijana wa duka la filamu hapa mtaani alimwekea mjukuu wangu kwenye flashi, nami nikaketi naye tangu kipindi cha kwanza hadi cha mwisho. Tena, kabla ya kustaafu nilikuwa mkalimani wa mahakamani. Nimesimama miaka mingi kati ya hakimu na mshtakiwa nikimfasiria kosa aliloambiwa ametenda. Namna mtu asiye na hatia anavyogeuzwa kuwa mshukiwa sikuisoma vitabuni.

Kwa wasioijua, tamthilia hii ilianza kuonyeshwa na kituo cha Fox Oktoba 2, 2017 na kumalizika Februari 2019, vipindi 29 kwa jumla. Ni tawi la hadithi za X-Men, ambazo Stan Lee na Jack Kirby walizianzisha kwenye vitabu vya katuni mwaka 1963. Humo kuna watu waliozaliwa na chembe ya urithi inayowapa uwezo usio wa kawaida, nao wanaitwa mutanti. Serikali imeunda kikosi maalumu cha kuwasaka, Sentinel Services. Hayo ni ya juu juu. Kilichonishika mimi ni mtu mmoja, Reed Strucker.

Reed ni kiongozi wa mashtaka mjini Atlanta, na kazi yake ni kuwafunga mutanti. Si mkatili. Jioni anarudi kwa mkewe Caitlin, muuguzi, na watoto wao wawili, Lauren na Andy. Nimewajua akina Reed wengi, watu wa suti safi na faili zilizopangwa, ambao ukiwauliza wanakujibu kwamba wao hufuata sheria tu. Sasa huyu Andy anaonewa shuleni. Usiku wa dansi wenzake wanambana bafuni mwa ukumbi wa michezo, na hapo nguvu ambazo hakujua anazo zinamlipuka. Kuta zinapasuka, ukumbi unaanza kuporomoka. Dada yake anaingia katikati na kuvizuia vifusi kwa ngao ya hewa. Kumbe naye ni mutanti, na amekuwa akiwaficha hata wazazi wake. Kabla usiku haujaisha, maafisa wako mlangoni.

Na Reed anafanya nini? Hasimami kuwaeleza wanawe kwamba wakijisalimisha watatendewa haki. Anatoroka nao. Mtu aliyeitumikia sheria hiyo ndiye wa kwanza kujua kwamba mlango wake ni wa kuingilia tu. Baadaye akikamatwa, kikosi hakimtishi yeye. Kinamtishia mama yake mzee, ambaye kosa lake ni kuwa nyanya wa watoto hao. Tena baadaye anagundua kwamba baba yake alimfanyia dawa utotoni ili kuuzima uwezo aliozaliwa nao. Yaani miaka yote hiyo alikuwa akiwashtaki watu wa damu yake bila kujua. Nilimwambia mjukuu wangu asimamishe picha kidogo. Nilihitaji kupumua.

Mwandishi wenu anasema tamthilia hii inafunza kudharau polisi. Sijui kama alifika pale anapotajwa binti wa Jace Turner. Turner ndiye afisa anayeiwinda familia hiyo, naye alimpoteza binti yake mdogo katika maafa ya Julai 15, ambayo mutanti walihusishwa nayo. Sasa mutanti mmoja anayeweza kuingia katika kumbukumbu za watu anajaribu kumchokora kichwa ili apate habari, anakatizwa kabla hajamaliza, na kumbukumbu za Turner zinavurugika. Anaamka akidhani binti yake yu hai. Anamtafuta. Mkewe inambidi amwambie upya kwamba mtoto amekufa, na yule baba anapigwa na msiba ule ule kama kwamba ndiyo kwanza anausikia. Mimi nililia pale, na nililia kwa ajili ya polisi. Watunzi hawakumdharau Turner hata kidogo. Walituonyesha uchungu wake ni wa kweli, kisha wakatuonyesha uchungu huo ukipewa bunduki, sheria isiyo na mipaka na kundi zima la watu wa kulipiziwa. Katika msimu wa pili anaishia kwa Purifiers, raia waliojipa silaha na kujipa kibali. Kutoka kikosi cha serikali hadi genge ni hatua fupi sana kwake, na hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa kila ofisa kijana aitazame.

Niseme pia kwamba Wamarekani hawakuyabuni haya hewani. Mtandao wa siri unaowaficha mutanti, kutoka nyumba hadi nyumba, umechukua jina na mfano wake kwa ule uliowatorosha watumwa kwenda kaskazini na Kanada. Hadithi yenyewe imewekwa Georgia, jimbo lililokuwa la utumwa. Sheria ya mwaka 1850 kuhusu watumwa watoro ilimtoza aliyemficha mtoro faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi sita, hata kama aliishi katika jimbo lisilo na utumwa. Ukiwatazama majirani wa Strucker wakipima kama wafungue mlango au waufunge, sheria hiyo ndiyo unayoiona.

Mwaka huo huo tamthilia ilipoanza, Januari 27, 2017, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwazuia watu wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwemo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Juni 26, 2018, majaji watano kwa wanne walipitisha toleo la mwisho la marufuku hiyo. Siku hiyo hiyo, ndani ya hukumu hiyo hiyo, Jaji Mkuu aliandika kwamba uamuzi wa mwaka 1944 uliohalalisha kuwaondoa makwao Wamarekani wenye asili ya Japani ulikuwa kosa kubwa tangu siku ulipotolewa. Nimefasiri hukumu nyingi maishani mwangu. Sijawahi kuona moja inayolikana kosa la zamani na kumruhusu mtawala wa leo kwa kalamu ile ile.

Sasa nije kwenye kasoro, maana tamthilia hii inayo, tena kubwa, na mwandishi wenu aliipita bila kuigusa. Andy kweli aliuangusha ukumbi. Lorna, anayeamuru vyuma, kweli anaiangusha ndege mwishoni mwa msimu wa kwanza na kuwaua waliokuwemo. Mtazamaji anaweza kuzima runinga akisema kumbe serikali ilikuwa na haki, hawa watu ni hatari. Hapo mfano unavunjika. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani waliopelekwa kambini baada ya amri ya Februari 19, 1942, wengi wao raia wa kuzaliwa, hawakuwa na nguvu zozote za ajabu. Walikuwa na mashamba ya mboga, maduka, na watoto shuleni. Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilisema mwaka 1983 kwamba chanzo kilikuwa ubaguzi wa rangi, mhemuko wa vita na viongozi walioshindwa kuongoza, wala si usalama. Mwaka 1988 sheria ikapitishwa ya kuwaomba radhi na kumlipa kila aliyekuwa bado hai dola 20,000. Kwa hiyo mzazi anayetazama na watoto, tafadhali awaambie hili: anayebaguliwa hahitaji kuwa hatari ili aogopwe. Watunzi wangeweka mutanti wengi zaidi wasio na uwezo wa kumdhuru yeyote, hadithi ingekuwa na ukweli mwingi zaidi. Msimu wa pili nao ulikimbilia njama za matajiri wa kundi la siri huko Washington, na zile faili, kola na seli, zilizokuwa roho ya hadithi, zikafifia.

Nimetaja kola. Lorna akiwa mjamzito kizuizini amevishwa shingoni chombo kinachompiga shoti kila anapojaribu kutumia uwezo wake. Mjukuu wangu aliniuliza kama kuna serikali iliyowahi kuwavisha watu kitu shingoni hivyo. Nikamwambia ipo, na ilikuwa hapa hapa Nairobi. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kutembea na kipande, alama za vidole na rekodi ya kazi ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika wakati huo, aliipinga akakamatwa, na Machi 16, 1922 watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe walipigwa risasi. Kijana alidhani namtungia hadithi.

Mimi ni Mnubi wa Kibra. Mababu zetu waliletwa wakiwa askari wa Mwingereza na kupewa ardhi hii waishi, na hapa ndipo walipozikwa. Mwanangu wa pili alipofika miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho akiwa na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vyetu wazazi wote wawili. Jirani yetu, waliyesoma naye darasa moja, alijaza fomu akaenda zake. Mwanangu aliambiwa arudi siku ya kamati ya uhakiki, ile inayochunguza asili ya mwombaji. Siku hiyo ilipofika wanaume watano waliketi nyuma ya meza ndefu, mmoja akila karanga. Wakamtaka alete karatasi za babu yake. Wakamwuliza asili yao ni wapi. Akajibu Kibra. Wakacheka, wakamwuliza tena: kabla ya Kibra? Akatumwa kutafuta kiapo cha wakili, akakileta, akaambiwa mwenye kutia saini hayupo. Nafasi ya kazi aliyokuwa ameahidiwa ilikwenda kwa mwingine wakati yeye akiwa bado kwenye foleni. Mahakamani nako nimeshika kwa mikono yangu karatasi za mashtaka za vijana waliokusanywa kwenye msako, maneno yamechapwa mapema, sawa kwa wote, pengo la jina tu ndilo limeachwa lijazwe kwa kalamu. Nilizifasiri moja baada ya nyingine, na baada ya ya nne sikuhitaji kutazama karatasi.

Ndiyo maana tamthilia ya watu wanaotafutwa kwa sababu ya chembe zao za urithi haikuwa kichekesho kwangu. Hapa kwetu marekebisho ya sheria ya mwaka 2018, yale yaliyozaa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, yaliipa serikali ruhusa ya kukusanya vinasaba vya raia na kujua kwa setilaiti mahali anapoishi. Watu wa jamii yangu walikuwa miongoni mwa waliokwenda kortini. Januari 30, 2020 Mahakama Kuu ilizifuta sehemu hizo mbili kwamba zinakwenda kinyume na Katiba, na kuagiza usajili usiendelee bila sheria kamili za kulinda habari za watu. Mwandishi wenu anaweza kuuliza vijana wafunzwe nini kwa tamthilia. Wafunzwe kusoma hukumu hiyo.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki huo wa ziada kwa jamii za mipakani na nyinginezo zilizokuwa zikiteswa nao. Nililipokea tangazo hilo kwa furaha, na sisemi kwa kejeli. Lakini tangazo halikai dirishani pa ofisi ya usajili, anayekaa pale ni karani. Ombi langu kwenu, Mhariri, ni hili: mtume mwandishi, hata huyo huyo wa burudani, akapange foleni na vijana wa Kibra, Garissa na Eastleigh asubuhi ya siku ya kazi. Asijitambulishe. Ahesabu ni karatasi ngapi anaombwa kijana aitwaye Abdalla na ngapi anaombwa mwenzake aitwaye Peter, na mchapishe hesabu hiyo ukurasa wa mbele.

Mkalimani mstaafu,
Kibra, Nairobi