Lambo letu lina ngege, msilimwagie sato

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloninyima usingizi. Mimi ni mama wa miaka 67. Nimeuza samaki tangu usichana, na kwa miaka mingi nilikuwa na meza yangu pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Sasa nimerudi kijijini kulea wajukuu. Nyuma ya kijiji chetu kuna lambo lililochimbwa enzi za mkoloni kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe. Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa hadhara, tulitangaziwa kwamba litamwagiwa vifaranga vya sato ili vijana wapate ajira. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, maana nilikuwa nimekaa mbele na ingeonekana vibaya.

Humo lamboni mna ngege.

Najua wasomaji wengi hawamjui. Mtu aliyezaliwa juzi akila sato anadhani ndiye samaki wa Ziwa Victoria tangu Mungu aliumbe. Kumbe sato naye ni mgeni, alipandikizwa miaka ya 1950, kipindi kilekile alicholetwa sangara, yule samaki mkubwa mla wenzake. Wenye maji yao walikuwa ngege na mbiru. Marehemu baba, mvuvi wa Ukerewe, alinifundisha kuwatofautisha kwa kutazama mkia: sato ana mistari iliyosimama kama meno ya kitana, ngege mkia wake hauna mistari ile. Juni hii mjukuu wangu aliniletea samaki watatu wa ndoano kutoka lamboni. Niliwageuza mikia mara mbili. Nikawakaanga kwa chumvi tu, bila kiungo, kama mama alivyokuwa akifanya, na sina haja ya kueleza ladha yake kwa watu ambao watasema ni uzee.

Tatizo la kuwachanganya si kwamba sato atamla ngege. Atamwoa. Hawa ni ndugu, wanazaliana, na baada ya vizazi vichache unabaki na samaki chotara ambaye si huyu wala yule. Tena sato anakua haraka na hachagui chakula. Ndivyo ilivyokwenda ziwani, ambako nyavu zetu zilikuwa zimekwisha kumpunguza ngege kabla hata ya wageni. Leo anapatikana zaidi kwenye viziwa na malambo ya pembeni. Wenzetu wa Kenya wanalo Ziwa Kanyaboli, kule Siaya, lenye mafunjo pande zote, na ngege wao wamejificha humo. Sisi tuna lambo la ng'ombe.

Sasa nikiri, asije mtu akanisema sokoni. Sangara ndiye aliyenijengea nyumba. Alipofumuka upande wetu katikati ya miaka ya 1980, nilikuwa na nguvu na mtaji mdogo, na nilipata. Nililipa ada za watoto wanne kwa sangara. Baadaye vikaja viwanda, minofu ikawa inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa, lakini hata mapanki niliyauza. Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyedhulumiwa na samaki yule.

Ila nakumbuka furu, samaki wadogo ambao sangara aliwala. Tukiwa watoto tuliwatunga kwenye vijiti na kuwaanika juu ya mawe, na jioni walikuwa wamekauka. Hawakuwa na heshima yoyote. Tuliwaita "furu" wote, kama vile ni samaki mmoja, na miaka ya 1970 pale Mwanza palijengwa hadi kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha kuku. Wataalamu waliokuja kuwachunguza walihesabu aina zaidi ya 500, kila moja na kazi yake. Kuna aliyevunja konokono, na konokono ndio wanaobeba kichocho. Kuna aliyekwangua ukoga kwenye mawe, na aliyeishi kwa kung'oa magamba ya wenzake. Kuna hata mmoja, shetani kabisa, aliyemlazimisha mama anayeatamia watoto mdomoni awatoe, yeye awameze. Aina zipatazo 200 zinaaminika zimetoweka katika muda ambao mimi nilizaa na kulea. Baadhi ya zilizobaki zimerudi kidogo baada ya sangara kuvuliwa sana, hilo nalo niliseme. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 nilizunguka mialo mitatu nikitafuta ndoo moja ya furu kwa ajili ya msiba, sikupata.

Na kuna hasara ambayo haikuandikwa kwenye daftari la mtu. Furu alikaushwa na jua, bure. Sangara ana mafuta, ukimwanika anaoza, lazima abanikwe au akaangwe. Kuni nilizonunua mimi peke yangu zilikuja kwa mitumbwi, na kila mwaka zilitoka mbali zaidi.

Kijana mmoja mtafiti, mteja wangu, alinionyesha siku moja furu mwekundu mgongoni, akaniambia jina lake la kitaalamu ni nyererei. Wamempa jina la Mwalimu Nyerere! Na ukoo wake unaitwa Pundamilia, Kiswahili chetu hichohicho. Ana ndugu yake wa rangi ya bluu, na majike huwachagua madume kwa rangi. Maji yakiwa meupe kila mmoja anampata wa kwake. Yakivurugika kwa tope la mashamba na majitaka, jike haoni vizuri, anaolewa na yeyote, na aina mbili zinageuka moja. Nilicheka siku ile. Sasa nikitazama maji ya lambo letu baada ya mvua, yakiwa kama uji wa ulezi, sicheki.

Msiniambie kwamba zamani watu hawakujua. Mwaka 1929 Mwingereza Michael Graham, aliyetumwa kuchunguza uvuvi wa ziwa hili, alionya katika ripoti yake kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka kwingine, pasipo utafiti wa kina kwanza, ni hatari kubwa. Sangara akamwagwa vilevile.

Ninachoomba ni kidogo. Kabla kifaranga hata kimoja hakijaingia lamboni, waitwe wataalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, kituo wanacho hapahapa Mwanza, waje watuambie tuna samaki gani. Vijana wakitaka sato, wachimbe mabwawa ya pembeni yenye kingo ndefu, mbali na mkondo, maana lambo letu hufurika kila masika na maji yake huishia mtoni. Wataniambia kuchimba ni gharama, na ni kweli. Wataniambia ngege anakua polepole, na hilo nalo ni kweli. Basi wafuge kambare.

Halafu ukingo wenyewe. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zetu zikae mita 60 kutoka kwenye maji. Sisi tunalima mpaka kwato za ng'ombe zinapolowa, na matete tunayachoma kila kiangazi ili tupate majani machanga. Matete yale ndiyo yanayochuja tope na ndimo vifaranga hujificha. Bustani yangu ya mchicha iko hatua ishirini kutoka majini, mwenyekiti anaijua na hajawahi kusema neno. Nikishavuna, naihamisha.

Mkutano mwingine ni Jumamosi saa nne. Nimemwambia mjukuu wangu avue wawili asubuhi, wazima, na sokoni nitaagiza sato mmoja. Nitakuja na ndoo, na safari hii sitakaa mbele.

Muuza samaki mstaafu,
Mkoa wa Mwanza