Mjomba, moyo ulishatulia lakini kazi ilikuwa haijaisha

Shikamoo mjomba,

Tangu utoke hospitali unarudia swali lilelile: “Moyo ulishatulia, mbona waliendelea kunichoma?” Sikuwa kwenye chumba chako, lakini kazi yangu ni kukaa mbele ya skrini kama zile, na jibu unastahili kulipata.

Flata yako, yaani ule ugonjwa wa mapigo ya moyo kwenda mbio, ni umeme unaozunguka chemba ya juu ya kulia ya moyo, ukiizingira vali ya trikaspidi (mlango kati ya chemba hiyo na ile ya chini yake), karibu mara 300 kwa dakika. Chemba za chini hupokea pigo moja katika kila mawili, ndiyo maana mapigo yako yaliganda kwenye 150. Ili uzunguke, umeme huo lazima upite kwenye ukanda mwembamba wa msuli kati ya vali na mshipa mkuu unaotoka tumboni. Katheta, ule mrija mwembamba unaoingizwa hadi moyoni, huuchoma ukanda huo kwa joto, ukingo hadi ukingo, na kuacha mstari ambao umeme haupaswi kuuvuka.

Flata ikikatika, chumba kizima hushusha pumzi. Lakini mjomba, kukatika si kuziba. Uzi mmoja tu wa msuli ukibaki hai, umeme hupenya, tena taratibu mno, hata ule unaopitia upande wa pili wa vali hutangulia kufika. Hapo skrini huonyesha kana kwamba njia imefungwa.

Kuna mgonjwa simsahau. Tulipouchochea moyo kwa umeme mdogo kutoka upande mmoja wa mstari huo wa kuchoma, hakuna kilichovuka. Tulipohamia upande wa pili, umeme ukapita! Daktari akaisogeza katheta juu ya mstari, kidogo kidogo. Kila alipogusa zilijitokeza kwenye skrini ncha mbili zilizoachana, moja ya umeme wa kila upande wa mstari. Zikiachana kwa milisekunde 110 au zaidi mstari mzima, tunaamini pameziba. Karibu na ule mshipa zikaanza kusogeleana, mpaka zikawa kama ncha moja pana. Upenyo ulikuwa pale. Akachoma, na ncha zikaachana tukiziangalia.

Kisha tukangoja nusu saa, tukapima upya pande zote mbili, kwa sababu msuli uliovimba kwa joto bila kufa hunyamaza kwa muda tu, halafu huamka.

Najua mgongo ulikuuma pale mezani, na pole sana. Wiki ijayo tutakwenda kliniki pamoja. Tutawauliza kama walipima pande zote mbili, na walingoja dakika ngapi.