Mwaka wa kuzaliwa usiwe hukumu ya mchezaji

Mhariri,

Kila dirisha la usajili likifunguliwa, kijiweni kwetu Tandika wimbo ni uleule: "Huyo babu wa nini?" Jina likitajwa tu, mtu anatoa simu, anatafuta mwaka wa kuzaliwa, kesi imekwisha. Mimi nimecheza Daraja la Pili mpaka nikiwa na miaka 37, na hukumu ya namna hiyo inaniuma.

Sisemi umri haupunguzi kitu. Unapunguza, na najua kwangu ulianzia wapi. Nilikuwa winga wa kushoto. Nilipofika miaka 31, hatua zangu tatu za kwanza zilipotea. Pumzi ilikuwepo, mbio ndefu zilikuwepo, lakini ule mchomoko wa kumwacha beki amesimama ulikwisha. Tukicheza Jumamosi, Jumatatu asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume, nimeshika ukuta, goti limekataa kukunja. Mke wangu alikuwa akininunulia barafu Feri, ile ya wauza samaki, naifunga kwenye khanga kuukuu na kuikandamiza gotini hadi iyeyuke yote. Vijana niliocheza nao Jumamosi hiyohiyo tayari wako uwanjani wanakimbizana.

Kocha hakunitema. Alinihamishia katikati, namba sita, kiungo mkabaji. Mwezi wa kwanza nilipotea kabisa. Wa pili nikaanza kuona vitu ambavyo pembeni sikuwahi kuviona: kiungo wao hugeukia upande gani akipokea, beki yupi haangalii nyuma yake. Nikawa nafika kwenye mpira kabla ya vijana, kwa kuwa wao walipoanza kukimbia mimi nilikuwa njiani. Nikapata misimu sita mingine.

Kwa hiyo Meddie Kagere alipotua Simba mwaka 2018 akiwa na miaka 31, sikutetereka. Hakuwa mtu wa chenga nyingi. Alijua krosi itadondokea wapi, na alikuwa na mwili wa kuipigania. Msimu wa 2018/19 mabao 23, uliofuata 22, mfungaji bora wa ligi mara mbili mfululizo. Saidi Ntibazonkiza, tunayemwita Saido, naye alipotoka Geita Gold kwenda Simba kwenye dirisha dogo, ana miaka 35, walimcheka sana. Tarehe 30 Desemba 2022 Simba ikaipiga Tanzania Prisons 7-1: Saido matatu, na John Bocco, miaka 33, matatu. Wale waliocheka wote kijiweni wakawa kimya. Saido alimaliza msimu na mabao 17, mengine akiyafunga akiwa Geita, sawa na Fiston Mayele wa Yanga.

Kinachoziumiza klabu zetu ni mkataba. Mkongwe anapewa miaka mitatu na fedha nyingi za usajili, msimu wa pili anasugua benchi, wa tatu anavunjiwa mkataba bila kulipwa, anakwenda FIFA, na klabu inafungiwa kusajili. Hapo lawama zote anabebeshwa mchezaji na umri wake, wakati aliyesaini ile karatasi ni kiongozi. Chelsea walipomchukua beki Thiago Silva mwaka 2020, ana miaka 35, walimpa mwaka mmoja. Mei 2021 wakabeba ubingwa wa Ulaya, ndipo wakawa wanamwongezea mwaka mmoja mmoja hadi 2024.

Ningekuwa kwenye kamati ya usajili, pasipoti ningeiacha mezani kwanza nikampigia daktari wa timu anayotoka: baada ya mechi, huyu huchukua siku ngapi kurudi kukimbia kwa kasi yake yote? Akinijibu siku tano, na ratiba yetu ina mechi kila baada ya siku tatu, simsajili hata awe na miaka 26.

Mchezaji mstaafu,
Tandika, Dar es Salaam