Jirani Akipiga Hodi Usiku: Barua kwa Wanangu Mnaoanza Nyumba

Wanangu wapendwa,

Nawasikia mkizungumza habari za Wayahudi waliofichwa Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, na karibu kila mmoja wenu husema, "Mimi ningewaficha." Moyo huo nauheshimu. Ila nawaomba, kabla hamjasema tena, muitazame kazi yenyewe ilivyokuwa, maana haikuwa ya usiku mmoja.

Wajerumani waliivamia nchi ile Mei 1940. Ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000, na vita vilipokwisha, takriban watatu katika kila wanne walikuwa wameuawa. Waliojificha ni kama 25,000 hivi, na thuluthi moja yao walikamatwa, wengi kwa kusalitiwa. Mwaka 1943 mjini Amsterdam lilikuwako kundi la Waholanzi waliolipwa gilda (fedha ya Uholanzi) 7 na nusu kwa kila Myahudi waliyemkabidhi kwa Wajerumani. Kwa hiyo waliofungua milango walikuwa wachache, tena waliishi ukuta kwa ukuta na watu waliokuwa tayari kuwauza.

Hebu ingieni jikoni mwao. Chakula kilipatikana kwa kuponi za mgawo, na aliyejificha hana kuponi, kwani serikali haitakiwi kujua kama yupo. Mama anapika mgawo wa watu wanne, wanakula sita. Akinunua viazi vingi, kuna anayehesabu. Akianika nepi na watu wanajua hana mtoto mchanga, kuna anayeona. Maji ya chooni yakisikika saa ambayo wenye nyumba wote wako kazini, kuna anayesikia. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikaa miaka miwili na zaidi, na hata angelitaka jembe asingeweza kutoka nje kulishika. Mimi ninayejua kupikia watu wengi kwa kidogo, hapa ndipo ninapowavulia kofia wanawake wale.

Mmoja wao alikuwa Helena Kuipers-Rietberg wa mji wa Winterswijk, mwenye mume na watoto. Yeye na mchungaji Frits Slomp walianzisha mtandao wa kuwatafutia makao na kuponi watu waliojificha, Wayahudi na wengineo. Alikamatwa mwaka 1944 akafia katika kambi ya mateso ya Wajerumani ya Ravensbrück.

Mwingine mnamjua, Miep Gies, aliyewapelekea chakula Anne Frank, msichana wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam, na wenzake, watu wanane kwa jumla, mpaka walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944. Alikuwa mzaliwa wa Vienna. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa mtoto aliyedhoofika kwa njaa, akapelekwa Uholanzi, na familia ya huko, yenye watoto wake na isiyo na mali, ikamchukua ikamlea. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba aliyewalisha wengine aliwahi kulishwa hivyo. Muuza mboga wake, Hendrik van Hoeve, aliona dada huyu ananunua kupita kiasi. Hakumuuliza neno. Alimwekea mboga akampa. Kumbe na yeye nyumbani kwake alikuwa amewaficha Wayahudi wawili, na Mei 1944 alikamatwa kwa ajili yao.

Wanangu, lishikeni hilo la kutouliza. Nyumba zetu tunapenda mno kujua nani kalala kwa nani, nani kapika nini. Jizoezeni leo kuona jambo la jirani na kulinyamazia, na watoto wenu wajifunze kwenu. Kule mtoto wa darasa la kwanza alilazimika kushika jambo ambalo angelitamka shuleni, baba yake asingerudi.

Tena mke na mume mkubaliane. Asiwepo wa kuleta mtu nyumbani kwa sifa, mwenzake akabaki na mzigo.

Lakini lililo gumu kuliko yote, kwangu mimi, lilikuja baada ya vita. Watoto wengi walitenganishwa na wazazi wao ili waokolewe. Pale Amsterdam, kutoka chekechea iliyotazamana na ukumbi walimokusanywa Wayahudi kabla ya kupelekwa kambini, walitoroshwa watoto kama 600: tramu ikisimama na kuwaziba askari wasione, mtu anatoka na mtoto, anapanda. Wengi wakaambiwa wajiite wakimbizi wa Rotterdam, mji uliopigwa mabomu. Wakapata baba wapya, mama wapya, na wengine dini mpya. Amani iliporudi, watoto wapatao 2,000 walibaki yatima, na wazazi wa kulea wakavutana na ndugu wa damu na jumuiya ya Kiyahudi. Wapo waliokataa kabisa kumtoa mtoto. Siwezi kuwalaani, mwana aliyekuita mama miaka mitatu si rahisi kumwachia. Hata hivyo nasema hawakutenda haki. Mtoto yule alikuwa amana, na ukoo wake ulikuwa umekwisha kuporwa karibu kila kitu.

Ninyi mnaolea watoto wa ndugu na wa marafiki, anzeni hapo. Mwambieni jina la baba yake na la mama yake, na kabila lao, na mahali walipozikwa. Msimbadilishe jina. Picha zao zitundikeni ukutani pamoja na zenu, na ndugu zake wakija kumwona, wapikieni.

Ni mimi bibi yenu, mwalimu mstaafu