Boila ya kuni bei gani? Tuambie kwanza bafu liko wapi

Ikifika Juni, baridi ya Arusha ikianza kuuma, simu haipumziki. "Fundi, boila ya kuni shilingi ngapi?" Nasi tunarudisha swali: kutoka itakapokaa mpaka bafuni ni hatua ngapi?

Wengi hudhani hela inaishia kwenye tangi. Tangi la lita 200 la shiti ya milimita 3, tofali za kuchoma na dohani havipishani sana bei, uwe Njiro au Machame. Kinachokimbiza gharama ni bomba. Mama mmoja wa Moshono alitaka boila ikae karibu na banda la ng'ombe, moshi usiguse nguo zake kambani. Tukavuta futi: mita 30. Ukijumlisha bomba, viungo, mtaro na kurudishia sakafu ya uani, hesabu ilikuwa inaifukuza bei ya boila yenyewe. Tena bomba la plastiki la PPR la milimita 25 hubeba kama lita 6 katika urefu huo, maji yaliyopoa usiku kucha, yamwagwe kila asubuhi ndipo ya moto yafike. Tukaihamishia nyuma ya ukuta wa bafu, mita 4 tu, dohani tukaipandisha ipite paa. Nguo zake zimepona, na moto unavuta vizuri zaidi.

Kuna mahali hatukubali kupunguza. Bomba la kupumulia lazima lipande juu kuliko maji ya tangi la juu, lile la maji baridi linalolisha boila, na lisiwekwe koki hata kwa bahati mbaya. Mvuke ukikosa pa kutokea, boila inageuka bomu. Mita 2 za kwanza kutoka kwenye moto ni chuma, maana PPR hulainika. Kuzunguka jiko tunajengea udongo wa kichuguu, saruji hupasuka. Na pipa la mafuta la kugeuza tangi usituletee: tulianza nalo, bati lake jembamba, tukarudi kwa mteja yule yule mara tatu kuziba matobo, bure.

Kuni je? Kupasha lita 200 kutoka nyuzi joto 18 hadi 60 hutaka kama kilo 6 au 7 za kuni kavu. Kwa umeme ni yuniti 10 hivi, zidisha mwenyewe kwa bei ya LUKU yako. Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, chenye miti ya migrevilea na matawi ya kahawa aliyopogoa hanunui kitu. Anayepata mabanzi ya kiwanda cha mbao naye ana nafuu. Ila ukinunua kila fungu sokoni, tutakwambia wazi ufikirie sola kwanza, hata kama tunapoteza kazi.

Kabla ya kupiga, pima umbali na kimo cha tangi la juu. Ukituma na picha ya ukuta wa nje wa bafu, bei unaipata siku hiyo hiyo.