Mpwa wangu, usinunue jogoo mmoja wa kuchi

Mpwa wangu,

Mama yako kaniambia banda limeshaezekwa na sasa unatafuta jogoo wa kuchi, mmoja mkubwa wa kutisha, awapande matetea 10 ulio nao. Nimefurahi kuliko unavyodhani. Jibu langu naliandika hadharani kwa sababu vijana wengi wanaanza hivyohivyo, na wote nawaambia neno moja: usinunue jogoo mmoja. Tafuta kwanza watu wawili wa jirani wanaotaka kuchi kwa dhati, kisha mtafute majogoo watatu kutoka nyumba tatu zisizo na undugu wa kuku.

Najua utaguna. Jogoo mmoja wa kuchi aliyesimama vizuri anafikia bei ya mbuzi, sembuse watatu. Ndiyo maana nasema mtafute watu kwanza.

Kuchi ana ukoo wake. Wataalamu wakiorodhesha kuku wa asili wa Tanzania humweka peke yake, kando ya ching'wekwe mfupi na singamagazi wa Tabora. Utamkuta Unguja na Pemba, Tanga, Mwanza na Shinyanga, na ukivuka mpaka utamkuta Lamu na Mombasa. Uchunguzi wa vinasaba vinavyorithiwa kwa mama umeonyesha undugu wake na kuku wa mapigano wa Asia, wakiwemo shamo wa Japani. Ukikumbuka majahazi na biashara ya Bahari ya Hindi, undugu huo haushangazi. Nasikitika kwamba wengi wanamjua kwa mapigano tu. Mimi nampenda kwa mwili wake na kwa miaka mingi aliyokaa na watu wetu, na mtu anayetafuta jogoo wa kupigana asije kwangu.

Ukienda kumtazama jogoo, usimtazame akiwa ndani ya tenga. Mwombe mwenyewe amwachie uwanjani. Kuchi husimama wima, shingo ndefu, mgongo ukishuka kuelekea mkiani, na hatua zake ni za taratibu, nzito. Kisha mshike. Pitisha vidole kifuani: manyoya ni machache, na mara nyingi utagusa ngozi tupu nyekundu juu ya mfupa wa kidari. Mfupa huo uwe umenyooka, maana uliopinda huashiria malezi mabaya utotoni au kasoro ya kuzaliwa. Mdomo ni mfupi, mnene, umepinda kwa chini. Miguu mikavu, magamba yamelala bila kuvimba. Yakiinuka kama ukoga mweupe, hao ni utitiri wa miguu na watahamia kwako. Jogoo mzima hukaribia kilo 3 au hupita kidogo. Tetea huzunguka kilo 2.

Hapo ndipo wengi wanapoishia, wanatoa pesa, wanarudi nyumbani na chotara.

Tatizo ni kilemba. Kila mtu atakuambia kuchi halisi ana kilemba kidogo kilicholala kichwani, na ni kweli. Lakini kilemba kidogo kinakitawala kilemba kirefu chenye meno. Mchanganye kuchi na tetea wa kawaida, watoto watatoka na vilemba vidogo, pengine vimekua kidogo tu kuliko vya baba. Ukiwazalisha hao chotara wao kwa wao, takriban kifaranga 1 kati ya 4 atatoka na kilemba kirefu kilichosimama. Kwa hiyo usimpime jogoo kwa kichwa chake. Omba kuonyeshwa ndugu zake waliototolewa pamoja naye, mama yake, na wadogo zake wa mwaka huu. Mfugaji aliyetunza mbegu hukuonyesha bila kusita. Asiyeweza kukuonyesha hata ndugu mmoja, mwachie jogoo wake.

Sasa hesabu niliyokuahidia kwa mama yako. Ukiwa na jogoo 1 na matetea 10 unaona kuku 11. Kwa upande wa urithi, kundi hilo lina nguvu ya kuku wasiofika hata 4, kwa sababu nusu ya damu ya kila kifaranga inatoka kwa baba yule yule. Mwaka unaofuata utampandisha jogoo kwa binti zake, au kaka kwa dada, na hapo mayai yataanza kuharibika mapema, vifaranga watadumaa, na majogoo wazuri watashindwa kutungisha. Ukiwa na majogoo 3 na matetea 9, kuku ni 12 tu, lakini nguvu yao kiurithi inafika 9. Ndege ni karibu wale wale, ila mbegu inadumu zaidi ya mara mbili. Hata FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wanapopima aina ya mfugo iliyo katika hatari kubwa kabisa, hawahesabu majike peke yao: wanatazama majike wazalishaji wakiwa 100 au chini, au madume 5 au chini. Matano tu! Wilaya nzima inaweza kujaa matetea na bado mbegu ikawa inakufa.

Ndiyo sababu ya wale majirani wawili. Kila mmoja anakuwa na jogoo wake na matetea wake. Mabinti wanabaki walikozaliwa. Vijana wa kiume wanahama kila kizazi: wa kwako wanakwenda kwa jirani wa kwanza, wa kwake kwa wa pili, wa huyo wa pili wanarudi kwako. Hakuna kaka atakayekutana na dada yake, na hakuna anayelazimika kulisha majogoo watatu wanaotaka kuuana. Kuchi hao wanaanza ugomvi wakiwa bado wadogo, kwa hiyo panga vyumba mapema, chumba kimoja kwa kila jogoo, na kizuizi kisichowaruhusu kuonana.

Zoezi hili linakufa bila kumbukumbu. Vifaranga wakitotolewa siku hiyo hiyo, toboa utando kati ya vidole vyao kwa kitobozi kidogo. Kila mguu una tando mbili, hivyo miguu miwili inakupa alama 16 tofauti, zinazotosha kutambua familia na mwaka kwa muda mrefu. Andika kwenye daftari. Pete za plastiki hukatika, na rangi hufifia.

Kabla hujakusanya mayai ya mbegu, mtenge tetea na majogoo wengine kwa wiki 3. Mbegu za jogoo hukaa hai mwilini mwa tetea kwa siku nyingi, na yule jogoo chotara wa jirani aliyempanda juzi anaweza kuwa baba wa yai unalolisubiri. Mayai yahifadhiwe sehemu yenye ubaridi, ncha kali chini, yasizidi wiki moja. Kuchi hatagi sana, kwa hiyo kila yai lina thamani, na mimi napenda yaatamiwe na tetea wa kienyeji mwepesi, mpole, aliyekwisha kulea. Siku ya 7 yatazame kwa tochi gizani, uyaondoe matupu. Siku ya 21 wataanza kutoka.

Kulea unakujua, sitakuchosha. Joto tu: kuchi huchelewa kuvaa manyoya, kwa hiyo usiondoe taa kwa kufuata ratiba ya kuku wa kisasa. Wakijikusanya chini ya taa wana baridi, wakiikimbia wana joto. Na mahindi yenye ukungu usiwape hata kama umeyapata bure.

Kideri ndicho kitakachokupokonya kila kitu. Wengine mnakiita mdondo. Kikiingia kwenye banda lisilochanjwa kinaweza kumaliza kundi zima ndani ya siku chache, na hakina tiba. Chanja kwa I-2, chanjo iliyotokana na utafiti wa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa sababu inavumilia joto kuliko nyingi za zamani. Tone moja jichoni, urudie kila miezi 3, na uchanje kuku wazima, si wale waliokwisha kuzubaa. Jogoo anayehama kutoka kwa jirani achanjwe wiki mbili kabla ya safari, kisha akae peke yake wiki mbili kabla ya kukutana na matetea wako. Na hapa tena majirani wana kazi: banda lako likipigwa licha ya yote, mbegu yako ipo kwao.

Jambo moja linaniuma. Siku hizi Kuroiler na Sasso, kuku wa kisasa walioboreshwa, wamefika kila kona, na ni kuku wazuri kwa mtu anayetaka mayai na nyama haraka. Sina ugomvi nao. Ila wanapochanganywa na kuchi na watoto wakauzwa sokoni kwa jina la kuchi, mnunuzi anapeleka damu hiyo kwenye kundi lake bila kujua, na miaka michache mbele hakuna wa kulinganisha naye. Ukifuga chotara, waite chotara. Wauze kwa jina hilo, hata kwa bei ndogo. Wale kuchi ambao hawafai kuzalisha, wenye kidari kilichopinda au woga uliopitiliza, wapeleke jikoni kabla hawajatoka nje ya uzio.

Nenda ukaongee na wale majirani wawili kabla ya msimu wa mahindi kuvunwa, maana baada ya hapo chakula ni rahisi na kila mtu anataka kuku. Mkikubaliana, nipigie. Nina jogoo mmoja ambaye mama yake na dada zake utawaona wote hapa kwangu, na huyo atakuwa wa banda lako. Majogoo wengine wawili muwatafute mbali na ukoo wa kuku wangu.

Mjomba wako.