Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: majibu ya damu ya mama yangu yako wapi?

Profesa, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Newala. Jina la chuo chako silitaji, ila gari lenu la juzi kijiji kizima kimeliona. Wameshuka vijana na fomu mpya, wanaomba damu tena. Mama yangu akawauliza: ile ya kwanza mliipeleka wapi? Hawakuwa na la kujibu, maana wao ni wageni.

Mara ile mlikuja saa nne usiku. Mlitueleza kwamba vijidudu vya matende hujitokeza kwenye damu usiku, mchana ni shida kuvipata. Tukaelewa. Mama, na mguu wake wa kushoto uliovimba hata kandambili haiingii, akajikongoja mpaka ofisi ya kijiji, akatobolewa kidole, akapewa kikaratasi chenye namba 117. Mkaahidi mbele ya mwenyekiti kwamba mtarudi na majibu. Misimu mitatu ya korosho imepita. Kikaratasi bado kakifunga kwenye pindo la kanga, wino unafutika.

Labda fedha za mradi ziliisha. Labda mwanafunzi alishapata shahada yake akaenda zake. Nakisia tu, kwa kuwa hakuna aliyetuambia.

Profesa, watafiti hawakuanza leo kufika huku. Homa ya chikungunya ilijulikana kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 kwenye uwanda huu huu wa Makonde, na jina lenyewe ni la Kimakonde, la mtu kupindwa na maumivu. Neno letu limefika dunia nzima, majibu yetu hayafiki Newala! Na inawezekana: mwaka 2022 watu walipougua Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, sampuli zilipimwa na wizara ya afya ikatangaza kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa unaotoka kwa wanyama. Watatu walikuwa wameshafariki, lakini waliobaki walijua wanaumwa nini.

Mama hajui. Kuuosha mguu kwa sabuni na kuukausha hadi katikati ya vidole kafundishwa na nesi wa zahanati.

Sisemi utafiti ukome. Dawa za matende tulizogawiwa zimetokana na utafiti. Lakini kabla ya damu nyingine tunaomba majibu ya ile ya kwanza, aje mtu asimame mbele yetu ayaseme kwa Kiswahili. Hata yakiwa mabaya. Hata kama damu iliharibika njiani, tuambieni iliharibika.

Namba yake ni 117.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara